Mgeni wa Jumapili

Lamadi ni mahali pa kuachana njia. Basi litokalo Mwanza likifika pale, anayekwenda Musoma hubaki kitini, na sisi wa Bariadi hushuka na mizigo yetu, tukavuka barabara kutafuta gari la Dutwa na kuendelea. Ziwa liko karibu, samaki wamepangwa kwenye mabeseni, wapiga debe wanawavuta abiria mikono. Katika vurugu hiyo nikasikia mtu anaita, "Karani wa stakabadhi!"

Ilikuwa mwaka 2011, na miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita bila mtu kuniita hivyo. Niligeuka. Alikuwa mpimaji wetu wa ghalani. Tulifanya kazi pamoja misimu sita ya pamba, yeye kwenye mizani, mimi mezani nikiandika stakabadhi. Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mpimaji mwingine. Mizani ikishatulia aliondoa mikono yote miwili, akaifunga nyuma ya mgongo, kisha akataja kilo mara mbili. Mara ya kwanza alinitajia mimi. Mara ya pili alimgeukia mwenye pamba na kupaza sauti, hata bibi aliyekaa nyuma kabisa juu ya gunia lake akasikia. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, kazi pale ghalani ilipungua msimu hadi msimu, mwishowe tukatawanyika.

Tulishikana mikono kando ya barabara, tusiachiane. Meno yake ya mbele yalikuwa yametoka na kiganja chake kilikuwa kigumu kama mpini wa jembe. Aliniuliza habari za mama yangu, akakumbuka kwamba alikuwa akisumbuliwa na goti. Gari langu lilikuwa limejaa, kondakta anagonga bati. Nikamwambia, "Jumapili nakuja kwenu. Mwambie shemeji asijisumbue, ugali na mlenda vinanitosha." Akacheka, akanielekeza: shuka Dutwa, kwenye mkwaju, kijana atakuja kukupokea. Nikapanda gari.

Sikwenda.

Sikuwa mgonjwa wala sikufiwa. Jumapili ilifika, nikatoka kanisani, wageni wengine wakaja, nikapika, jioni ikaingia, na ahadi yangu haikunijia kichwani hata mara moja. Nimelitanguliza kosa langu kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya adabu ya kukutana na watu tuliopotezana nao, na sitaki udhani nakufundisha jambo ambalo mwenyewe sikulikosea.

Nalileta jambo hili sasa kwa kuwa mji wetu umebadilika. Mkoa wa Simiyu ulizinduliwa Machi 2012 baada ya kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na ofisi za mkoa zikaja Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 katika wilaya zetu. Ile ya 2022 ilivuka milioni 2. Wamekuja walimu, wauguzi, mahakimu, mafundi wa barabara, watu wa benki, kutoka Mbeya, Tanga, Kagera, kila upande. Kisha miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, Nanenane ya kitaifa ikafanyika hapa hapa kwenye viwanja vya Nyakabindi, na mji ukafurika watu hadi nyumba za kulala wageni zikajaa. Zamani, mtu uliyesoma naye Tabora ungemkuta Bariadi kwa muujiza. Siku hizi unamkuta sokoni anachagua nyanya.

Hivyo tunakutana sana, na tunakutana vibaya.

Angalia salamu kwanza. Msukuma hasalimii kwa neno moja akapita. Asubuhi ni mwangaluka, mchana ni mwadila, na baada ya hapo huja habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Mgeni anayetusikiliza kwa mara ya kwanza hudhani tunapoteza muda. Hatupotezi. Katika salamu ndefu mtu hupata nafasi ya kujua mwenzake yuko katika hali gani kabla hajamuuliza jambo la kumchoma. Ukiuliza "Nyumbani wazima?" na yeye akajibu "Tunamshukuru Mungu" kwa sauti ya chini, umeshajua kwamba kuna kitu, na hutamuuliza mbele ya watu kama mkewe bado anauza duka. Wapo wanaosalimia huku pikipiki inanguruma chini yao, mguu mmoja ardhini, simu mkononi. Zima pikipiki. Kama huna hata dakika mbili, punga mkono upite, nayo ni salamu halali. Kinachoumiza ni kusimama nusu.

Kuna swali moja ambalo naliomba lipungue kabisa: "Unanikumbuka?" Mtu anasimama mbele yako anatabasamu, anakuuliza hivyo, kisha ananyamaza akusubiri uhangaike. Ni mtihani, na aliyeutunga ana majibu. Wewe umeona mamia ya sura tangu mwachane. Yeye amenenepa, au amekonda, au amevaa miwani, au ameota mvi. Unaanza kubahatisha, unataja jina la mtu mwingine, naye anaondoka ameumia kwa jeraha alilojitia mwenyewe. Mwungwana hujitaja. "Mwangaluka mayu, mimi ni fulani, tulikuwa pamoja ghalani, nilikuwa napakia marobota." Basi. Umempa mwenzako jina, mahali na kazi, na sura itamjia yenyewe. Nawe uliyesahau, usijifanye unakumbuka. Sema, "Nisaidie, sura naijua, jina limenitoka." Hakuna aibu katika hilo, hasa kwetu tuliovuka miaka hamsini.

Sasa mizani. Nalitumia neno hili kwa makusudi, kwa sababu sisi watu wa pamba tunajua mizani ni nini. Malalamiko ya kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi ndiyo yaliyochangia sana kuwakusanya wakulima wa Usukuma miaka ya mwanzo ya 1950, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, hadi likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955. Mkulima alikubali jua, alikubali wadudu, lakini kuona jasho lake likipimwa kwa hila hakukubali. Na bado mkulima huyo huyo, na mimi karani wake, tukikutana na mtu wa zamani tunatoa mizani yetu ya siri na kuanza kupima. Ana gari? Amejenga? Watoto wamefika wapi? Mwenzio amejiandaa kukupa furaha, wewe unamhesabia kilo.

Nimeona jambo hili likifanyika kwa pande zote mbili. Nilimwona mstaafu mmoja, aliyekuwa mkuu wa ofisi, akimwita "wee kijana" mtu aliyekuwa tarishi wake, na mtu mwenyewe sasa ana wajukuu na maduka mawili ya pembejeo. Yule tarishi wa zamani alinyenyekea, akamwita "bosi" kama siku zile, akamshika mkono kwa mikono miwili. Nilimheshimu sana. Lakini mkubwa wetu hakuona alichopewa. Alipokea kama haki yake. Cheo kikiisha, heshima unayopewa ni zawadi, na zawadi hupokewa kwa kushukuru. Ningependa angemwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Baba Fulani, kama tunavyofanya kwa mtu mzima yeyote.

Upande wa pili ni yule aliyepanda, ambaye hawezi kumaliza dakika tatu bila kutaja kiwanja chake cha Dodoma. Hakuulizwa. Mwenzake amesimama na kandambili zilizofungwa kwa waya, anasikiliza, anasema "hongera, hongera," na siku yake nzima imetiwa ukungu. Kama Mungu amekujalia, mwenzio ataona tu. Muulize wewe kwanza habari zake, na akikujibu kwa kifupi usimchimbe. "Bado uko kazini?" ni swali gumu kwa aliyepunguzwa. "Watoto wangapi sasa?" ni swali gumu kwa aliyezika. Muulize jambo pana, "Siku hizi uko pande zipi?" Yeye mwenyewe atachagua mlango wa kukufungulia.

Na aliyefuatana nawe usimwache kando kama mzigo. Nasema hasa kwa wanaume waliokutana na mwanamke waliyefanya naye kazi, na kwa wanawake vile vile. Unacheka, unapiga makofi, mnataja majina ya watu waliokufa na wanaoishi, na mkeo amesimama hatua tatu nyuma na kikapu kinamkata mkono. Neno la kwanza baada ya salamu liwe kumtambulisha. "Huyu ni mama wa nyumbani kwangu, na huyu tulikuwa naye Maswa, alinifundisha kazi." Nyumba nyingi zimepata ugomvi wa wiki nzima kwa sentensi hiyo kukosekana, na hakukuwa na dhambi yoyote.

Pesa nitaigusa kwa uchache, ingawa najua ndiyo inayowafanya wengi wakwepe watu wa zamani. Kuhitaji si aibu. Ila siku ya kwanza mwachie mwenzako furaha yake. Ukimweleza ada ya mtoto kabla hajakaa sawa, atabaki akijiuliza kama ulimfurahia yeye au mfuko wake. Chukua namba, mpe siku mbili tatu, kisha mpigie mweleze waziwazi kwamba una shida na ni ya kiasi gani. Nawe unayeombwa, kama huna, sema huna. Kuiweka simu sikioni ukijifanya umepigiwa ni uongo ambao mtoto mdogo anautambua, na mwenzio aliyekula nawe ugali bakuli moja hastahili kudanganywa kwa namna hiyo.

Je, uliyeachana naye kwa ugomvi? Huyo ndiye wengi wetu tunamwona kwa mbali tukavuka upande wa pili wa barabara. "Milima haikutani" tunaisema kwa furaha, lakini tunaisema pia kwa kutishana, siku ya kugombana, kwa maana kwamba siku moja nitakupata. Siku hiyo ikifika, msalimie. Kesi ya 1997 haiwezi kusikilizwa stendi. Kama wewe ndiye uliyekosa, maneno machache yanatosha: "Nilikukosea, nisamehe." Usiongeze "lakini unajua wakati ule." Ukiongeza, umeanza kujitetea, na ugomvi unaamka.

Nirudi sasa kwenye lile lililonifanya nikalie kiti hiki kuandika. Kiswahili chetu cha siku hizi kina neno la kuagana ambalo halikuumbwa kwa kuagana: "Nitakutafuta." Tunalisema kwa kila mtu, kwa ulaini, kama tunavyosema kwaheri. Neno lenyewe lakini ni zito. Mfugaji wa Meatu akipotelewa na ng'ombe hutafuta: huamka usiku, hufuata kwato, huuliza kila boma, hulala porini. Mwanamke kiangazi hutafuta maji: hufukua mchanga wa mto kwa mikono, akasubiri yachuruzike, akachota kwa kikombe. Huko ndiko kutafuta. Unapomwambia mwenzako utamtafuta, umemwambia kwamba yeye kwako ni kama ng'ombe yule au maji yale. Anaondoka amejaa. Wewe unafika kona, umeshasahau.

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, akihamishwa kituo hadi kituo, Pangani, Mpwapwa, Tanga. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge zilikusanywa kitabuni, na ni za tangu 1931 hadi 1958. Miaka 27 ya kukaa chini, kuweka wino, kutafuta stempu, kungoja jibu. Sisi tuna simu kiganjani, na tunaona kazi kubwa kubonyeza jina.

Wengine watasema, tuko pamoja kwenye kundi la WhatsApp la waliofanya kazi ofisi ile. Nami nimo kwenye makundi ya namna hiyo, na nayashukuru, kwani mmoja wetu akifiwa mchango hupatikana siku hiyo hiyo. Lakini tazama kinachoandikwa humo. Ni pole, na poleni, na pole sana, na orodha ya waliochanga. Mtu anaweza kukaa kundini miaka mitano nanyi msijue kwamba haoni vizuri siku hizi, na kwamba anasomewa ujumbe na mjukuu. Tunajuana kwa misiba. Mpigie mmoja siku ambayo hakuna aliyekufa.

Aliyenifundisha namna bora zaidi ya kuagana hakuwa mtu wa zamani. Nilimpata Nyakabindi, Nanenane ya 2018, mama mmoja mkulima wa Singida. Jua lilikuwa kali, tukakaa kwenye kivuli cha turubai moja, akanimegea mkate, nikampa michembe yangu atafune. Alikuwa hajawahi kuionja. Akauliza tunakata viazi namna gani na tunavianika siku ngapi. Tukazungumza alizeti hadi alasiri. Tulipoagana hakusema atanitafuta. Alisema, "Nikifika nyumbani nitakutumia mbegu kilo mbili, uzijaribu nyuma ya nyumba." Nilidhani ni maneno tu. Siku ya tisa nikapigiwa simu na mtu wa ofisi ya mabasi niende kuchukua mzigo. Kilikuwa kifuko cha salfeti kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa bluu, jina langu limeandikwa kwa kalamu nene, na chini yake: BARIADI, MAMA WA MICHEMBE. Nami nikatuma michembe kwa basi lile lile. Urafiki huo bado upo.

Nilikaa na kile kifuko mapajani muda mrefu. Kilo mbili tu. Mama yule alikuwa ameahidi jambo dogo analoliweza, lenye kipimo, akalitenda mara alipofika. Mimi nilimwahidi mtu siku nzima ya Jumapili, huku kondakta anagonga bati, kwa sababu ya furaha ya dakika ile. Furaha ilikuwa ya kweli. Nisingependa mtu aseme nilikuwa mnafiki. Ila furaha ikizidi huahidi kwa niaba ya miguu, na miguu haijaulizwa. Tangu hapo, nikikutana na mtu, najiuliza naweza nini hasa. Kama ni kumpigia Ijumaa jioni, nasema Ijumaa jioni, na naandika pale pale mbele yake. Kama siwezi kitu, namshika mkono, namwambia nimefurahi kukuona, naishia hapo. Kukutana kwa dakika tano kulikokamilika ni bora mara nyingi kuliko ziara iliyobaki hewani.

Mwaka 2019 nilikuwa msibani Maswa. Nilikaa jikoni na akina mama tunachambua mchele kwenye nyungo, tukisimuliana, nikataja kwamba zamani nilikuwa karani ghalani. Mama aliyekuwa mkono wangu wa kushoto aliacha kupepeta. Akaniangalia, akasema bila ukali wowote, "Kumbe wewe ndiye mgeni wa Jumapili."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe. Mumewe alirudi kutoka Lamadi siku ile akiwa kama kijana. Jogoo alichinjwa ingawa nilikataza. Kijana wao, wa miaka kumi, alitumwa chini ya mkwaju tangu saa nne, na kila gari lililosimama alikwenda kuchungulia uso wa kila mwanamke aliyeshuka. Saa nane alirudi kula, akatumwa tena. Chakula kiliwekwa kwenye hotipoti hadi gari la mwisho likapita. "Mzee alisema umepata dharura," akaniambia. "Akasema karani wa stakabadhi hakosei tarehe."

Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Nilisahau, shemeji. Nisamehe." Akanipa ungo wake nimalizie, akaenda kutazama maji motoni.

Baada ya maziko sikumwambia nitakuja. Nilimuuliza anaondoka na gari gani. Tukapanda pamoja, tukapita Bariadi, na nilipoiona njia ya kwangu nikaendelea kukaa. Tulishuka Dutwa jua likizama, mkwaju ungalipo. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anapukuchua mahindi. Alinyanyua kichwa, akanitazama tangu miguuni hadi usoni, kisha akaiweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama zamani.

"Jumapili imefika?" akauliza. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, wa ndani wasikie.

Ilikuwa Alhamisi. Kijana alitoka, mrefu kumpita baba yake, sauti imeshakuwa nzito, akanipokea mkoba, na akatumwa kukamata jogoo kabla giza halijaingia.